Kivuli Alichotuombea Afande

Tulimwita Afande. Kati ya walinzi sitini tuliolala kwenye lile jengo la kampuni mtaa wa Al Mansoura, sidhani kama walifika watano waliolijua jina lake la nyumbani. Mimi nililijua, kwa sababu nilikuwa nikimwandikia ripoti zake na yeye akitia sahihi chini. Sitalitaja. Ana watoto, na jina hilo ni lao pia.

Alikuwa Mganda, mrefu, mwenye kovu lililoanzia nyuma ya sikio likaingia ndani ya kola ya shati. Nilipofika Doha, miaka michache kabla nchi ile haijapewa Kombe la Dunia, yeye alikuwa tayari msimamizi wetu. Umri wake ulikuwa umeshavuka hamsini, ingawa kwenye karatasi za kampuni alikuwa na arobaini na minne. Aliyenieleza habari zake ni Wafula, mtu wa Bungoma aliyelala kitanda cha juu yangu, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha jengo zima.

"Huyu mzee si mlinzi kama sisi," Wafula aliniambia siku ile nafungua begi. "Huyu aliingia msituni akiwa kijana, wakapigana mpaka wakachukua serikali. Halafu wakamfanya kapteni wa jeshi. Wewe lala tu kwenye lindo uone."

Kesho yake alfajiri Afande alitukagua kabla hatujapanda basi. Alipofika kwangu alisimama, akatazama chini.

"Umetoka wapi?"

"Kenya, Afande. Kitale."

"Hapo ndiyo mahali umezaliwa. Nauliza viatu imetoka wapi."

Vilikuwa vya mtumba, nimevinunua wiki moja kabla ya safari. Akasema joto la hapa litayeyusha gundi kabla ya mwezi wa saba, na askari asiye na kiatu ni mtembezi tu. Jioni ile aliniletea buti zake mwenyewe, zimeng'arishwa, zikiwa na magazeti ndani. Hakungoja shukrani. Nilivaa buti za mtu yule miaka mitatu, na hili nalisema mapema ili msomaji asidhani nasimulia habari za mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa mbaya.

Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi za jeshi za kwao, kilichokatwa ngeli zote kama mti unavyopogolewa. "Hapana lala." "Hapana egemea ukuta." "Kiti iko ya mgeni, mguu iko ya askari." Ukichelewa ukaanza kujieleza, aliinua kiganja: "Usiniletee hadithi. Niletee taarifa." Tulimwiga vyumbani na kucheka hadi machozi, Wafula akiwa bingwa wa kumwiga kuliko wote. Siku moja Wafula alikuwa katikati ya maonyesho yake, kifua mbele, kiganja juu, na Afande akiwa mlangoni anamtazama. Sote tulinyamaza isipokuwa Wafula, aliyekuwa amempa mgongo. Alipogeuka akakuta uso wa mzee mbele yake. Afande alikitazama kile kiganja, akasema, "Mkono iko chini sana. Inua," akaenda zake.

Alikunywa chai bila sukari. Hakula muhogo, hata chipsi zake. Alisema alikula mbichi mwaka mzima, mara nyingine na udongo wake, na amemaliza fungu alilopangiwa duniani. Kwenye hoteli ndogo za Wahindi tulizozoea kula Ijumaa alikaa akitazama mlango, na mtu akimtangulia kukaa pale, yeye alikula amesimama. Hakuwa na picha hata moja ya zamani zake. Alikuwa na picha ya binti zake wawili, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, wakiwa na sare za shule ambayo ada yake ilimweka Doha.

Wakristo wengi miongoni mwetu tulisali Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko nchini mle, kwenye eneo la makanisa kule Abu Hamour. Afande alikuja nasi kwenye basi, akashuka nasi, akapita nasi ukaguzi wa getini, kisha akabaki nje ya ukuta wa kanisa mpaka tumalize. Nilimuuliza mara moja kwa nini haingii.

"Mungu na mimi iko na kesi," alisema. "Bado haijasikilizwa. Mshitakiwa hapana zoea na hakimu."

Habari za msituni alizitoa kwa vipande, tena bila kuombwa. Ukimuuliza, hasemi. Lakini mngekuwa kwenye basi mnapita mahali palipochimbwa mtaro, angesema ghafla, "Hapa ungeweza kuficha watu kumi na wawili." Alitusimulia kwamba walipewa sheria kabla ya bunduki: usichukue kuku wa mwanakijiji, usiguse mke wa mtu, ukipewa chakula osha sahani. Jioni walikaa chini, kamanda wao akawafundisha kusoma na kuwaeleza kwa nini mtu maskini hupigwa na kila serikali. Afande alijifunza herufi akiwa na miaka ishirini na minne, kwa kijiti, kwenye mchanga. Alipofika kwenye habari za kamanda yule sauti yake ilishuka ikawa kama ya mtu anayesoma dua.

"Alituambia, siku tukishinda, askari atakuwa mtumishi," alisema. "Hata leo mimi naamini."

Na siku waliyoingia mji mkuu, alisema, wengi wao walikuwa na mabuti ya mvua, wengine pekupeku, na wanawake wakawatandikia khanga barabarani. Mwaka haujaisha akawa na nyota begani, nyumba, dereva, na mtu wa kumpigia pasi. Hapo hadithi zake zilikatika. Jinsi alivyotoka jeshini alikueleza kila mara kwa namna tofauti: mara goti, mara mgogoro na mkubwa mmoja, mara alichoka tu. Nilifikiri ni usahaulifu wa mzee. Siku hizi nadhani alikuwa akitafuta sababu ambayo yeye mwenyewe angeweza kuikubali.

Jambo lililotuchanganya ni jinsi alivyokuwa mbele ya meneja. Meneja wetu wa operesheni alikuwa kijana wa nchi ya mbali, angeweza kuwa mwanawe, mtu wa manukato na hasira za karibu. Alipoingia, Afande alisimama wima, visigino vimegusana, macho juu ya kichwa cha yule kijana. Alitukanwa mbele yetu kwa makosa yetu, na hata kope haikutikisika. Akitoka hapo, alikuja kwetu na kutoa amri ileile kwa sauti yake mwenyewe, kana kwamba yeye ndiye aliyeifikiria. Wafula hilo lilimkera sana.

"Sasa huyu mzee ni wetu ama ni wao?" aliniuliza. "Mtu alipigana na serikali nzima, saa hii anaogopa kijana wa kunukia maua?"

"Haogopi," nilimwambia. "Ameshazoea kutii."

"Hiyo ni mbaya zaidi."

Mimi alinipa jina la Karani. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi mwaka mmoja na nusu bila cheti, na Kiingereza changu kiliandikika. Chake kilikuwa cha kusikia. Kwa hiyo kila jioni ya Jumatano niliitwa kwenye kijichumba chake cha kazi, yeye akatembea huku na huku akisema kwa Kiswahili chake, mimi nikaandika kwa Kiingereza. Wenzangu walidhani naitwa kupanga ratiba ya zamu. Nilipenda saa ile. Palikuwa na kiyoyozi, palikuwa na chai, na nilijiona mtu wa maana. Nilipomsomea alichokisema kikiwa kimegeuka Kiingereza cha ofisini, alitabasamu kwa mshangao uleule kila mara. "Hiyo ni mimi nasema hivyo?" angeuliza. "Ni wewe, Afande."

Lindo letu kubwa lilikuwa makazi ya nyumba za kifahari huko Abu Hamour, zimezungushiwa ukuta, na mageti mawili. Geti la mbele lilikuwa na paa. Geti la nyuma halikuwa na kitu, si paa, si bomba la maji, na lilielekea magharibi. Kuanzia saa sita mchana ukuta uliokuwa nyuma yako uligeuka tanuri. Tuliomba kibanda kwa mdomo, tukaomba kwa kupitia Afande, naye aliliweka kwenye ripoti. Mimi mwenyewe nililiandika mara nne. Jibu halikuja. Afande alifanya alichoweza: siku za joto kali alikwenda kusimama na mlinzi wa geti la nyuma, bega kwa bega, saa nzima, halafu akamwambia akapumzike dakika kumi mbele huku yeye amebaki peke yake. Mtu wa miaka hamsini na ushei. Nilimwona kwa macho yangu.

Agosti moja ilikuwa zamu ya Mugisha, Mganda wa Masaka, mpole, baba wa watoto wawili. Saa saba na nusu mchana alianguka kifudifudi kwenye lami. Aliyemwona kwanza ni mpishi wa nyumba ya pili, akapiga kelele. Afande alikimbia kutoka geti la mbele, akambeba mabegani kama gunia hadi kwenye gari la mwenye nyumba mmoja, naye, Mungu ambariki, akawasha bila kuuliza viti vitachafuka vipi. Shavu la Mugisha liliungua lilipogusa lami, ngozi ikabaki pale. Alilala hospitali siku tisa. Aliporudi chumbani alikuwa akizungumza polepole, akitafuta maneno, na mara nyingine alituita kwa majina ya ndugu zake. Kampuni ilimtafutia tiketi ya kurudi kwao. Siku aliyoondoka, geti la nyuma lilikuwa na mlinzi mwingine, limebaki vilevile.

Alhamisi ya wiki ile Wafula alikusanya watu juu ya paa la jengo letu, baada ya zamu ya mchana.

"Mimi sitaki vita," alisema. "Nataka kibanda. Na maji. Jumapili asubuhi basi likija, hakuna mtu anapanda mpaka meneja aseme mbele yetu lini kibanda kinawekwa. Hatupigi mtu, hatutukani mtu. Tunakaa chini tu."

Walikubali wote. Wakasema lazima kuwe na barua, na barua ikaletwa kwangu. Niliiandika kwa fahari, mistari minane, Kiingereza kizuri kuliko vyote nilivyopata kuandika. Wafula akauliza kama tumwambie Afande. Wengine walisema hapana. Mimi ndiye niliyesema ndiyo. Nilisema: mtu aliyeingia msituni kwa ajili ya wanyonge, akamwona Mugisha akianguka, hawezi kuwa upande mwingine. Nilisema hivyo na kila mmoja akaona ni kweli.

Afande alisikiliza amesimama. Wafula alipomaliza, mzee alimtazama kwa muda mrefu, na nakiapia kile nilichokiona: alimwonea wivu. Kisha akasema tu, "Mkae safu moja. Watu wakikaa ovyo, wanaonekana kundi. Wakikaa safu, wanaonekana wanaume."

Jumapili tukakaa safu moja uani, watu hamsini na kitu, sare zimepigwa pasi. Basi lilinguruma likazimwa. Jua lilipochomoza meneja alifika, akapewa barua yetu, akapiga kelele, akapiga simu, akapiga kelele tena. Hakuna aliyeinuka. Mwisho akamvuta Afande pembeni, wakaongea, yaani meneja aliongea. Afande akarudi kwetu akiwa peke yake. Alisimama katikati ya safu, akavua kofia.

Sijapata kusikia mtu akisema vile tangu siku ile. Hakupaza sauti. Alisema amelala njaa kwa ajili ya watu asiowajua majina. Alisema amezika rafiki zake kwa mikono, bila jembe. Alisema Mugisha alikuwa mwanawe, na aliyemwacha mwanawe juani hana haki ya kuitwa mkubwa. "Mimi naomba nyinyi siku tatu," alisema. "Nitaomba kivuli hii kama mtu anaomba maji ya mtoto. Wakikataa, siku ya nne mimi nitakaa chini hapa, mbele ya Wafula. Pandeni basi."

Tukapanda. Wafula alikuwa akilia, na alipopita mbele ya mzee alimpigia saluti, bila kuigiza.

Saa tisa alasiri siku ileile niliitwa ofisini. Chai haikuwepo. Afande alikuwa amekaa, jambo ambalo hakulifanya kamwe akisema ripoti.

"Andika," alisema. "Kuhusu mambo ya asubuhi. Wachochezi ni hawa." Akataja jina la kwanza, na lilikuwa la Wafula.

Kalamu ilisimama.

"Afande."

"Andika."

"Afande, uliwaambia siku tatu."

"Meneja alitaka watu kumi. Kumi, Karani! Na polisi. Nimeshusha mpaka wanne. Bila polisi, bila jela, ndege tu. Kambi yote inabaki. Unafikiri hiyo ni kazi ndogo?"

"Basi andika wewe."

Akasema kwa upole, na upole ule ndio unaonirudia: "Barua yenu iko kwa meneja. Ameuliza nani ameandika Kiingereza kama hii. Nimesema sijui. Sasa wewe chagua, niendelee kutojua ama nijue."

Nilikuwa na mama wa kutibiwa na mdogo wangu chuoni. Kila mtu alikuwa na mtu wake. Wafula alikuwa na watoto watatu. Niliandika majina manne. Niliyaandika kwa mwandiko wangu mzuri, nikaweka nukta mahali pa nukta, nikamsomea. Safari hii hakutabasamu wala hakuuliza kama ni yeye aliyesema hivyo. Akatia sahihi.

Jumanne asubuhi gari dogo lilipita kwenye malindo likawachukua mmoja mmoja. Hawakurudi chumbani. Mandubu, yule mfanyakazi wa kampuni anayeshughulikia vibali, alikuja na mifuko mikubwa ya plastiki, akatuambia tufungashe vitu vyao. Mimi nilifunga vya Wafula. Vilikuwa vichache. Jioni alipiga simu kutoka uwanja wa ndege kwa simu ya msafiri mwingine.

"Ni mzee," alisema. "Meneja alinionyesha sahihi yake. Ndugu yangu, ni mzee."

Nilisema, "Pole." Ndilo neno nililolipata.

Kambi nzima ilijua kufikia chakula cha jioni. Hakuna aliyempiga, tulifanya jambo baya zaidi, tuliacha kumwiga. Alipoingia chumbani, mazungumzo yalikatika. Walimtemea mate kwenye njia anayopita. Mtu mmoja aliandika kwa makaa ukutani nje ya chumba chake, MSALITI, herufi kubwa, na Afande aliyejifunza kusoma kwenye mchanga alisimama akaisoma herufi moja moja, kisha akaingia ndani bila kuifuta.

Na mwezi haujaisha kibanda kililetwa. Cheupe, kina dirisha la kioo, kiyoyozi kidogo na chupa kubwa ya maji. Afande aliniita nikitazame kinavyoshushwa na kreni.

"Unaona?" alisema. "Tumeshinda."

Nikamuuliza kilichokuwa kimenikaa kooni. "Afande, hii ni mara ya kwanza?"

Alijua nauliza nini. Akanieleza palepale, juani, macho yake kwenye kreni. Miaka sita baada ya ushindi, kamanda yule aliyewafundisha kusoma alianza kusema hadharani kwamba wakubwa wapya wamekuwa kama wa zamani. Wakatafuta mtu wa kwenda kumkamata, wakamtuma Afande, kwa sababu mlango wake kamanda angeufungua. Aliufungua. Alikuwa na kitabu mkononi.

"Alinipigia saluti," Afande alisema. "Mimi nikampigia. Halafu nikamfunga kamba, lakini si kwa nguvu. Nilisema moyoni, kama si mimi, watatuma mtu wa kumuua. Mimi nitamfikisha mzima. Na kweli nilimfikisha mzima."

"Halafu?"

"Halafu mimi nilirudi kazini. Nikapandishwa cheo." Kibanda kilitua chini. "Alikufa ndani. Homa, walisema. Karani, kila mara mimi nimeokoa watu. Hesabu inakubali. Lakini wale wanaobaki wazima hawataki kuniona."

Nilitaka kumchukia kikamilifu wakati ule, na sikuweza, maana nilikuwa nimesimama kwenye kivuli cha kibanda. Nilikaa ndani ya kibanda kile misimu miwili ya joto. Nilikunywa yale maji. Kisha meneja, aliyekuwa bado akikipenda Kiingereza cha ripoti zetu, akanifanya msaidizi wa msimamizi, na kutoka hapo nikapata kazi kampuni nyingine, kulinda majengo ya The Pearl, kile kisiwa cha kutengenezwa na mikono ambako watu huegesha mashua chini ya madirisha yao. Nilipoaga, Afande alinipa mkono. Nilimpa wangu huku nikitazama pembeni.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa wiki moja kabla hajapanda ndege ya kurudi kwao kabisa. Ilikuwa baada ya sala ya Ijumaa, miaka ile mji mzima ulipokuwa umechimbuliwa kwa ajili ya treni ya chini ya ardhi. Nilikuwa nimekwenda Al Mansoura kunyoa, kwenye duka la Mpakistani lenye viti viwili. Kiti cha kwanza kilikuwa na mzee aliyefungwa shuka shingoni, kichwa chote kimepakwa rangi nyeusi, anangoja ikauke. Nilikaa kiti cha pili. Tuliangaliana kwenye kioo.

"Karani," alisema.

"Afande."

Alikuwa amekonda. Kovu lilionekana refu zaidi, au shingo ndiyo iliyopungua. Aliniambia kampuni imemwacha, wamesema amezeeka, visa yake ina siku chache. Kuna kampuni nyingine inahoji walinzi Jumapili, lakini inataka watu wa chini ya hamsini.

"Una miaka mingapi sasa, Afande?"

"Jumapili nitakuwa na arobaini na nane."

Nilicheka bila kutaka, naye akacheka, na kwa kitambo tulikuwa tena kwenye kile kijichumba cha Jumatano. Nikamuuliza kwa nini asirudi nyumbani tu. Binti zake wamemaliza shule, ana haki ya kupumzika.

"Nyumbani kuna watu wananikumbuka," alisema.

Kinyozi alimfuta masikio kwa kitambaa. Afande aliendelea kuniangalia kwenye kioo.

"Yule mtu wa Bungoma. Unapata habari yake?"

Nilikuwa nazo. Wafula hunipigia kila Pasaka. Ana kinu cha kusaga mahindi, watoto wawili wamefika sekondari, mkewe anauza nguo. Miaka miwili kabla ya siku ile alikuwa ameniambia kwamba ameokoka, na kwamba kuna kitu kimoja tu kinamsumbua. "Ukionana na Afande," aliniambia, "mwambie mimi nimemsamehe. Mwambie nimesema kwa kinywa changu. Alikuwa na mzigo ambao sisi hatukuuona. Na wewe, ndugu yangu, asante kwa kubaki hapo ukawapigania wenzetu." Niliahidi nitamwambia. Basi la kutoka The Pearl kwenda Al Mansoura halichukui hata saa moja. Sikuwa nimeenda.

"Sijui, Afande," nilisema. "Tulipoteana."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetarajia hivyo.

"Aliwahi kujua nani aliandika?"

"Hapana."

"Mimi sikumwambia mtu," alisema. "Waliniuliza sana, siku zile. Yule aliyeandika ukutani alikuja kuniuliza kabisa, nani alikuandikia Kiingereza hii. Nilimwambia, ni mimi mwenyewe niliandika." Akajaribu kutabasamu. "Alikataa kuamini. Alisema mimi sina akili hiyo."

Kinyozi akamfungua shuka. Afande alisimama, akajitazama. Nywele zilikuwa nyeusi tii, kama kofia aliyoazima, na chini yake uso ulikuwa umezeeka kuliko alipoingia. Tone la rangi lilikuwa limebaki nyuma ya sikio, likishuka na kovu. Nililiona. Aliweka mkono begani kwangu, mzito, akasema, "Basi, Karani," akatoka nje kwenye jua.

Alikuwa akitembea polepole, goti moja halikunji vizuri. Upande ule wa barabara ulikuwa umechimbuliwa na ilimbidi angoje magari yapite. Alingoja muda mrefu. Hatua ishirini, labda thelathini, na ningemfikia.

Kinyozi alinifunga shuka shingoni, akaniuliza nanyoaje. Nilimtazama Afande kwenye kioo mpaka akavuka, kisha nikamwambia apunguze pembeni tu.